Anayeomba Ndiye Anayetembea

Jumamosi, 16 Agosti

Shami amerudi Buffalo leo. Mama alimfungia sambusa kwa karatasi ya alumini, akazitia kwenye mfuko, akauviringisha mfuko kwa taulo, kana kwamba sambusa ndizo zinazokwenda kupigwa vikumbo. Nilitaka kumwambia kaka jambo la maana mlangoni. Nilimwambia avae soksi.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kusoma Nairobi, kabla hatujaletwa hapa Louisville. Nyumbani wazee wanazungumza Kinyamulenge na Kiswahili cha Kivu, sisi watoto tunajibu Kiingereza. Kiswahili cha vitabu kimebaki changu peke yangu, na daftari likianguka shuleni hakuna atakayejua nimeandika nini.

Shami anachezea chuo kimoja cha Buffalo, mpira wa Kimarekani, ule wa kushika kwa mikono. Nafasi yake Mama anaiita "ranibeki". Ranibeki anapewa mpira, anaukumbatia, halafu anakimbilia palepale ambapo mtu mwenye akili angepakimbia. Mwaka huu yeye ni wa tatu kwenye foleni ya nafasi hiyo. Wa tatu anavaa nguo zote za vita na kubeba chupa za maji. Kocha hakumwita yeye chuoni. Alijileta mwenyewe, akajaribiwa, akaachwa abaki. Anaweza kuambiwa aondoke siku yoyote.

Asubuhi alipokuwa akifunga begi nilimuuliza kama anaamini atacheza. Alisema, "Profesa," maana hivyo ndivyo anavyoniita, "mimi sikuenda kule kuamini. Nilienda kukimbia."

Jumatano, 20 Agosti

Shule imefunguliwa. Nimekula na kitabu.

Jumapili, 24 Agosti

Siku ya gusaba ya dada yangu Uwineza imepangwa. Gusaba ni siku ambayo upande wa mvulana unakuja kumwomba msichana kwao, mbele ya watu, kwa maneno mengi na maziwa. Mchumba wake, Gatera, anasomea udaktari wa mimea kwenye chuo kikubwa cha Columbus, na Uwineza amepanga chumba mitaa miwili kutoka hapo na anatunza wazee kwenye nyumba ya wazee. Kwa hiyo sherehe itafanyika Columbus.

Mjomba Bisogo, kaka yake Mama, ndiye anayesimamia. Alikuja baada ya ibada, akakaa jikoni, na wakati Mama anamimina chai macho yake yakafika kwenye mlango wa friji, ambapo nimebandika ratiba ya mechi za Shami. Akaisoma kwa kidole. Halafu akacheka kwa furaha.

"Bon. Tarehe ine, mwezi wa kumi, Shami iko Columbus. Uwineza iko Columbus. Gatera iko Columbus. Mungu mwenyewe amepanga, donc sisi tukatae nini?"

Mama aliinua mikono kushukuru. Mimi nilikuwa nimeshika sukari. Nilijua kwamba timu ikisafiri si sawa na mtu kusafiri. Nilifungua mdomo, na Mjomba akadhani nataka kumwongezea sukari, akasema inatosha.

Lazima Shami awepo. Baba alifariki Nairobi mwaka mmoja kabla ya ndege ya kutuleta Amerika, na hana ndugu wa kiume aliyebaki. Pale hospitalini alimwambia Shami, aliyekuwa na miaka kumi na miwili: siku watakapokuja kumwomba dada yako, wewe ndiye utakayewajibu. Hakumwachia jambo lingine. Mjomba anaweza kupanga viti, kukodi ukumbi na kugombana na wapishi, lakini yeye ni wa upande wa Mama. Kwenye kiti cha Baba hawezi kukaa.

Jumamosi, 30 Agosti

Mechi ya kwanza. Shami hakucheza. Tulimwona mara moja kwenye kompyuta yangu, akimpa mtu taulo. Mama alimpiga picha.

Jumamosi, 6 Septemba

Wa kwanza kwenye foleni amevunjika kifundo cha mguu. Wa pili amechoka, na dakika za mwisho wakamwingiza Shami.

Alipewa mpira mara nne. Mara tatu alikimbia vizuri. Mara ya nne mtu mwenye mabega kama kabati alimgonga mkono, mpira ukatoka, ukadunda kama kitu kisicho na mwenyewe, na wapinzani wakaulalia. Walishindwa kwa sababu hiyo. Kamera ilimsogelea uso. Mama akafunga kompyuta kwa mkono wake na kusema amekonda.

Nilimwandikia Shami ujumbe mara tano na kuufuta mara tano.

Jumapili, 14 Septemba

Hatimaye kitu cha kuchekesha. Shangazi Kostansia, ambaye anaishi Cheektowaga karibu na uwanja wa ndege wa Buffalo na humlisha Shami kila Jumapili, ametuma ujumbe wa sauti. Mama aliuweka kwa spika, majirani wote wakasikia.

"Mama Uwineza, mutoto yako ameingia kanisani na mupira. Anaukumbatia sawa mutoto muchanga. Pasta ameniuliza kama tutaubatiza."

Ni adhabu ya kocha, ambayo wanampa kila mtu aliyeangusha mpira. Shami anatakiwa kuubeba kila aendako: darasani, kwenye chakula, chooni. Mtu yeyote wa timu ana ruhusa ya kumvamia na kuupiga utoke. Ukitoka, anapanda ngazi za uwanja mpaka wamwonee huruma. Shangazi anasema alitoa sadaka kwa mkono mmoja, na akapokea sahani ya wali kwa mkono mmoja kama mtu asiyelelewa, jambo lililomuuma zaidi kuliko la kanisani. Kwetu kitu unachopewa na mkubwa unakipokea kwa mikono miwili. Sisi watoto tulichapwa kwa kusahau hilo.

Jana pia walicheza. Alipewa mpira mara tisa na haukutoka.

Jumanne, 16 Septemba

Mvua. Basi la shule lilichelewa. Nyanya, tunayeishi naye, anasema mvua ya hapa haina harufu.

Jumamosi, 20 Septemba

Nitaandika polepole ili nisiache kitu.

Leo Shami alianza mechi, kwa mara ya kwanza. Mama alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake kule Jeffersontown, kwenye ghala ambako anapanga vifurushi, ili aone. Nyanya Nyirabagenzi aliletwa sebuleni na blanketi lake. Yeye ni mama yake Baba, na hadi leo alikuwa akiamini kwamba Shami ni askari.

Mwanzo hakuonekana tofauti na wengine. Alikuwa anapata hatua mbili, anaangushwa. Hatua tatu, anaangushwa. Kila alipoangushwa Mama alijifunika uso kwa kitenge, na mimi nilikuwa na kazi ya kumwambia ameinuka. Ameinuka, Mama. Ameinuka tena.

Halafu nikaanza kuona kitu ambacho hata mtangazaji alichelewa kukiona. Shami haanguki kinyumenyume. Wakimshika miguu, kifua kinaendelea. Wakimshika kifua, miguu inaendelea. Na baada ya kila kuanguka anarudi mahali pake haraka kuliko waliomwangusha. Mpaka robo ya tatu, wale wengine walikuwa wameshika viuno na kupumua kwa midomo, na yeye alikuwa vilevile. Ndipo akapata upenyo kushoto. Sijui kama ulikuwa upenyo au aliutengeneza. Alikimbia yadi sitini na moja mpaka mwisho, na hakuna mkono uliomgusa, na alipofika hakucheza ngoma wala kurusha mpira. Alisimama akiwa ameukumbatia vilevile, akatazama nyuma kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

Nyanya alisema, "Huyo anakimbia kama babake akichelewa shule."

Mama alilia. Mimi nilitoka nje, nikazunguka gari mara mbili, nikarudi.

Jumapili, 21 Septemba

Kanisani kila mtu alikuwa ameona. Watu ambao hawajui kama mpira huo ni wa duara au wa yai wamesema walijua tangu zamani. Mjomba Bisogo alimweleza kila aliyemsalimia kwamba tarehe nne Shami atacheza mchana na jioni atakaa kwenye kiti cha baba yake ukumbini. Alilisema kwa fahari, na watu wakampongeza kwa kupanga vizuri.

Nilisimama karibu na birika la chai muda wote. Nilijua kwamba nikikaa kimya leo nitakaa kimya mpaka mwisho. Nikakaa kimya.

Jumatatu, 22 Septemba

Nilimpigia Shami nilipotoka shuleni na kumuuliza timu inafanya nini baada ya mechi ya ugenini.

Akaeleza: hoteli pamoja, basi pamoja, mechi, kuoga, basi, uwanja wa ndege, Buffalo. Hakuna anayetoka kwenye msafara. Mwaka jana mmoja alikwenda kulala kwa binamu yake baada ya mechi, na Jumatatu kabati lake lilikuwa tupu.

"Mjomba anasema utakuwa ukumbini saa kumi na moja," nikamwambia.

"Najua. Ameniambia mara nne. Kila nikianza kueleza ananiombea."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Mama. Akasema Mama akijua, atahamisha tarehe, na tarehe haihamishiki: wazee wa upande wa Gatera wanatoka Maine na Texas, wamekwisha omba ruhusa makazini, na babake Gatera, mzee Rutebuka, hatapewa siku nyingine kiwandani kabla ya Krismasi.

"Sasa utafanyaje?"

"Nitacheza mechi. Halafu nitatoka kwenye geti na kwenda kumjibu mzee Rutebuka. Ya Jumatatu yatajulikana Jumatatu."

Alilisema bila hasira, kama mtu anayesoma ratiba. Nikamwambia atapoteza nafasi, sasa hivi, baada ya yote hayo. Nilipiga kelele kidogo. Watu kituoni waligeuka.

"Ingabire," alisema, na huwa haniiti kwa jina langu. "Wewe ulikuwa mdogo, ulibaki nyumbani na Nyanya. Mimi nilikuwa pale kitandani. Baba aliniambia kitu kimoja tu. Sitaki kukiangusha."

Jumatano, 24 Septemba

Sijasoma chochote siku mbili. Mwalimu wa historia ameniuliza kama naumwa.

Nimefikiria hivi. Shami hawezi kutoka kwenye msafara. Ukumbi hauwezi kusogezwa. Lakini watu wa ukumbini hawajafungwa kamba.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimepiga simu Buffalo kwenye ofisi ya timu. Nimeandika sentensi hii ili niione. Mimi, ambaye huagiza chakula kwa kuonyesha kidole.

Nilipigia kutoka maktaba ya shule, wakati wa chakula, nimesimama kati ya rafu za kamusi. Alipokea mama mmoja anayepanga safari za timu, mwenye sauti ya mtu anayekula huku anafanya kazi. Nilimweleza vibaya sana. Nilianza na Baba, nikarudi kwa Uwineza, nikaeleza maziwa. Yeye akauliza, "Mpenzi, unataka kujua familia zinawaona wapi wachezaji?"

Kumbe pana mahali. Kila mechi ya ugenini, wachezaji wakitoka kuoga, kabla ya kupanda basi, wanasimama robo saa na familia zao kwenye uzio nyuma ya uwanja. Watu wanaleta keki, watoto, mbwa. Nikamuuliza idadi ya watu wanaoruhusiwa. Akasema uzio ni mrefu. Nikauliza kama wanaweza kuvaa nguo za sherehe. Akacheka, akasema yeye ameona mengi.

"Ila basi halimsubiri mtu," akasema. "Hata bibi harusi."

Ijumaa, 26 Septemba

Nimemwambia Mama yote. Alikuwa anavua viatu vya kazi. Alimaliza kuvua kiatu cha pili, halafu akasema wazee wanakutana kwetu Jumapili, na hawezi kuwaambia yeye peke yake. Hakusema niwaambie mimi. Alinitazama tu.

Jumapili, 28 Septemba

Walikuja wanne na Mjomba. Nilipeleka chai, mikono miwili, kila kikombe. Mama alieleza habari ya msafara na ya uzio. Sauti yake ilikuwa ndogo. Mjomba alimsikiliza hadi mwisho, nami niliona uso wake ukianguka, maana yeye ndiye aliyeichagua siku. Hakukasirika kama nilivyoogopa. Alikuwa na aibu, na aibu ya mtu mzima inatoka kwa mlango wa hasira.

"Musichana haombwi ku parking," alisema. "Watu batatucheka mupaka Kivu. Batasema binti ya fulani walimuomba kati ya basi na choo. Hapana. Shami ni mutoto ya baba yake. Atatoka huko, atakuja. Mupira utamungoja."

Wengine wakaitikia. Mmoja akasema kijana akiheshimu wazee Mungu humfungulia nafasi nyingine. Nikaona kaka yangu akihukumiwa na watu wanaompenda.

Kwetu msichana wa miaka kumi na sita hawezi kuwaambia wazee wamekosea. Lakini anaweza kumuuliza nyanya yake swali. Hilo linaruhusiwa wakati wowote, hata msibani. Nyanya alikuwa kwenye kona yake na blanketi. Zamani aliwahi kunisimulia jinsi alivyoombwa, nilipokuwa nikimkata kucha, na alikuwa amekasirika kama jambo la jana. Kwa hiyo niliweka sinia chini, nikapiga goti karibu naye, nikauliza kwa sauti iliyotoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Nyanya, wewe walikuomba wapi?"

Wazee waligeuka.

"Mimi?" Nyanya alisema. "Mimi waliniombea matopeni."

Kisha akaanza, na hakuna anayemkatiza Nyanya. Ulikuwa ukame, na kaka yake mkubwa, ambaye alikuwa badala ya baba, alikuwa ameshuka na ng'ombe mbali, kwenye malisho ya bondeni. Wageni wakafika nyumbani, wakakuta kiti kitupu. Wakaambiwa aliko. Wakamfuata siku mbili kwa miguu, wazee wenye fimbo na nguo zao nzuri, wakamkuta penye maji, amezama hadi magoti, anavuta ndama aliyenasa. Wakamwomba palepale. Akawajibu palepale, mikono ina tope, na hata hakunawa vizuri kabla ya kupokea maziwa. Jambo hilo Nyanya hajamsamehe mpaka leo.

"Mbona hawakumngoja arudi?" nikauliza. Nilijua jibu. Nilitaka walisikie.

Nyanya alinitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini maji yana unyevu. "Amngoje nani? Anayeomba ndiye anayetembea. Wenye ng'ombe wako penye ng'ombe."

Mzee mmoja alikohoa. Mwingine akasema ni kweli, hata shangazi yake aliombewa njiani wakati wa vita. Mjomba Bisogo aliinua kikombe, akakuta kimekwisha, akakishusha. Alitazama friji, ile ratiba.

"Bon," alisema mwishowe. "Lakini mimi sivai viatu vya tope."

Ijumaa, 3 Oktoba

Tumefika Columbus. Mjomba alimpigia mzee Rutebuka mwenyewe, akamweleza yote, akaomba radhi kwa tarehe. Uwineza anasema mzee Rutebuka alifurahi mno, kwa sababu sasa ana hadithi.

Uwineza alinipeleka kutembea karibu na chuo. Majani yameanza kuwa mekundu pembeni tu. Nilimuuliza kama anasikitika kuombewa kwenye uzio. Alisema, "Ningeombewa hata kwenye lifti, mradi Shami ndiye anayejibu." Halafu akasema, "Mjomba ananiambia ni wewe uliyemuuliza Nyanya." Nikamwonyesha ndege kwenye mti. Hakukuwa na ndege.

Jumapili, 5 Oktoba

Tumerudi Louisville mchana. Naandika jana yote.

Wachezaji wanapata tiketi chache za familia. Tuliingia Mama, Mjomba, Uwineza na mimi. Uwanja ule ni mkubwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuingia. Watu wote walikuwa wamevaa nyekundu, na sisi wanne tulikuwa na nguo za gusaba, Mama na Uwineza wamefunga mishanana, vile vitambaa vya sherehe, begani, Mjomba na suti ya kijivu na fimbo. Fimbo ilizuiwa mlangoni. Alijadiliana nao kwa Kifaransa. Ikarudishwa kwenye gari.

Jirani yetu kwenye viti alikuwa mzee wa Kimarekani mwenye kofia nyekundu. Alimuuliza Mjomba tumetoka kanisani au tunakwenda. Mjomba akamwonyesha kwa kidole namba ishirini na saba, akasema kwa Kiingereza chake, mtoto wetu. Yule mzee akasema pole yenu leo.

Walijua kuhusu Shami. Kila alipopewa mpira walikuja watatu, wanne. Nusu ya kwanza hakupata hata upenyo wa kupita panya. Hatua moja, chini. Hatua mbili, chini. Mama na kitenge chake. Ameinuka, Mama. Lakini safari hii Mama alikishusha kitenge kabla sijasema, na tangu hapo hakukipandisha tena. Alikuwa akitazama miguu yake. Alisema polepole, kama anajisemea, "Haanguki nyuma."

Robo ya tatu nikaona viuno vinashikwa. Nikamshika Uwineza mkono. Nikamwambia sasa. Shami akapita katikati, si pembeni, katikati kabisa, akamburuta mtu mmoja mgongoni hatua kadhaa, akaingia nyuma ya mstari wa mwisho, alama zikaandikwa. Robo ya mwisho akaingia tena. Yule mzee wa kofia nyekundu akavua kofia, akajikuna kichwa, akamuuliza Mjomba kijana huyu mnamlisha nini. Mjomba akasema maziwa.

Walishindwa kwa alama tatu. Nataka niandike ukweli huo pia. Mara ya mwisho walipokuwa na mpira, kila mtu uwanjani alijua atapewa Shami, alipewa, na watu watano walimlaza mita chache kabla ya mstari. Haukutoka mikononi. Ilibidi waamuzi wawili wamwombe aachilie.

Kisha Mjomba akachukua fimbo yake kwenye gari, tukatembea kwenda kwenye uzio.

Upande wa Gatera ulikuwa umekwisha fika kutoka ukumbini, watu kama thelathini, magari yamepangwa mpaka barabarani. Wanawake wameshika vikapu. Nyanya alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, mbele kabisa. Wazazi wa wachezaji wengine, wenye jezi na keki, walitusogelea kutazama, halafu wakatupisha kwa heshima bila kujua ni kwa nini. Yule mama wa simu alikuwa mlangoni na orodha yake. Alinitambua kwa sauti nilipomuuliza basi linaondoka saa ngapi. Akanionyesha saa yake.

Shami alitoka akiwa ameoga, suti ya timu, jicho moja limevimba, barafu imefungwa gotini juu ya suruali. Begi begani. Chini ya mkono wa kulia alikuwa na mpira ule wa mazoezi, mchafu, uliopauka. Adhabu iliisha wiki mbili zilizopita, lakini Shangazi alikuwa ametuambia hajauacha. Alituona. Akaona fimbo, mishanana, Nyanya. Nilikuwa nimemwambia kwenye simu, lakini nadhani hakuamini. Alisimama mbele ya mzee Rutebuka, wimbo wa uwanjani ukiwa bado unalia nyuma yetu, na basi limewashwa.

Mzee Rutebuka ni mtu anayeweza kusema saa nzima kabla ya kufika kwenye jina la msichana. Alilitazama basi. Alitazama goti lenye barafu.

"Kijana," akasema, "tumetembea. Tulisikia kwenu kuna kiti, tukaambiwa mwenye kiti iko penye kazi. Tumekufuata. Tunaomba Uwineza awe mutoto wetu."

Hakuna aliyecheka. Shami alimtazama Uwineza, naye akaitikia kwa macho. Alimtazama Mama. Halafu alifanya kile ambacho Nyanya anasema Baba alikuwa akifanya, alikohoa kidogo na kunyoosha shingo.

"Baba yangu aliniacha niwajibu," alisema kwa Kinyamulenge, taratibu, kwa lafudhi yetu ya watoto wa Amerika, bila kukosea. "Nimewasikia. Tumewapa. Mumtunze."

Wanawake wakapiga vigelegele, na wachezaji waliokuwa ngazini mwa basi wakageuka, wengine wakapiga makofi wasijue wanashangilia nini. Mama yake Gatera akatoa inkongoro, kile kikombe cha mti, kimejaa maziwa, akakileta mbele ya Shami kwa mikono miwili.

Hapo kila kitu kikasimama. Shami alikuwa na mkono mmoja tu ulio wazi. Begi alikwisha liangusha chini. Wa kulia ulikuwa umekumbatia mpira, na niliona misuli yake ikikaza yenyewe, kwa mazoea, kama mtu anakuja kuupiga. Wenzake walikuwa wanatazama. Nyanya pia alikuwa anatazama, na Nyanya amemkumbuka mwenye mikono ya tope miaka sitini.

Akageuka. Akanipa mimi.

Niliupokea kwa mikono miwili. Ulikuwa na joto.

Alikunywa, akampa Gatera naye akanywa, honi ikalia, Mama akamshika uso kwa sekunde moja, na akakimbia, kwa goti lile, akawa wa mwisho kupanda. Basi lilipoondoka ndipo nilipotambua bado nimeushika.

Jumatatu, 6 Oktoba

Shami amepiga. Kabati lake halijaguswa. Kocha alimuuliza wale watu wa uzioni walikuwa nani, akamweleza, na kocha akamwambia Jumamosi ataanza yeye, na kila Jumamosi mpaka atakapojitokeza wa kumtoa.

Nikamuuliza nitume mpira kwa posta?

"Ukae nao," alisema. "Lakini unajua sheria, Profesa. Usiuweke chini."

Jumanne, 7 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Nimekwenda nao shuleni. Nimeingia kwenye korido kuu, ile ninayoizunguka kila siku kwa nje ili nisipite mbele ya watu, na nimepita katikati, vitabu mkono wa kushoto, mpira chini ya mkono wa kulia. Mvulana mmoja wa timu ya shule alitaka kuupiga utoke. Haukutoka. Akauliza ni wa nani.

Nilimwambia. Nilimwambia yote, tangu ndama.